Jina la Kazini

Mambo yaliharibika Jumatano ya tarehe sita Machi, mwaka 1991, saa nne za asubuhi, na mkono ulioyaharibu ulikuwa wa Uthmani mwenyewe. Mnyororo waliuleta wakubwa, hilo halina ubishi, na Mungu atawauliza. Lakini kadi aliitoa yeye.

Alikuwa amekaa barazani pake, mtaa wa Musinzira, akijaza majani makavu kwenye godoro la mteja, alipoona watu watatu wakikata kona. Wa mbele alivaa tai. Wawili wa nyuma walibeba mnyororo na kufuli kubwa, mmoja huku mmoja kule, kama watu waliokwenda kumchukua ng'ombe.

"Salama, mzee," alisema mwenye tai. "Hapa iko biashara."

"Hapa iko muuguzi," Uthmani akajibu bila kusimama. "Mke wangu. Anazalisha, anachoma sindano, anafunga vidonda. Karatasi ya wizara iko ukutani, ina muhuri mkubwa kama sahani."

"Hiyo ni ya wizara. Ya mji iko wapi?"

Mkuu mpya wa mji alikuwa ametoa amri: kila anayelipwa kwa kazi yake, hata kama serikali imeshampa ruhusa, lazima aandikwe tena kwenye daftari la biashara la mji. Daktari wa ng'ombe, mwenye duka la dawa, wakili, mzalishaji, wote. Wakubwa hawa, ukiwatazama, utadhani hawakuzaliwa na mwanamke. Waliteremka tu, na muhuri mkononi.

"Mama iko na mtu ndani," Uthmani alisema. "Hawezi kutoka sasa."

"Hatuna haja na mama. Tupe ile karatasi na kitambulisho chake, tuandike, twende zetu. Tuna nyumba kumi na saba."

Nyuma ya pazia mwanamke aliguna guno refu, halafu ikasikika sauti ya Zuena, kavu, ya mtu aliyeshughulika: "Baba Amisa! Watolee kadi, wasitupigie kelele. Nina kichwa cha mtoto mkononi!"

Hakusema kadi ipi. Kwa miaka yote ya ndoa yao hapakuwa na haja ya kusema. Kadi ya kazi ilikaa kwenye kopo la chai juu ya kabati la dawa. Kadi ya nyumbani, karangamuntu, yaani kitambulisho cha raia, ilikaa chini ya Msahafu. Zote zilikuwa na picha ya Zuena, na Uthmani hakujua kusoma herufi za Kizungu. Chuoni kwa mwalimu alisoma kutoka kulia, na elimu yake iliishia hapo. Akafikiri kwa akili yake: hawa ni watu wa mji, basi wapewe kadi iliyotoka mjini. Akainua Msahafu kwa adabu, akaichukua, akaifuta vumbi kwa shati lake. Akaiteremsha na karatasi ya ukutani, akawapa vyote kwa mikono miwili.

Mwenye tai alisoma karatasi. Akasoma kadi. Akarudi kwenye karatasi.

"Mzee, karatasi inasema Monique. Kadi inasema Zuena. Huyo anayezalisha humo ndani ni nani?"

Nyuma ya pazia mtoto akalia.

Wakubwa waliwapa saa moja ya kutoa watu chumbani. Mzazi akatolewa akiegemea ukuta, mtoto kafungwa kwenye kitenge, damu bado inamchuruzika miguuni, na mwenye tai akatazama saa yake, akatazama barabara, asimtazame yeye. Halafu mnyororo ukapita kwenye mapete ya mlango wa chumba cha kuzalishia, kufuli ikalia.

*

"Uliwapa ipi?" Zuena aliuliza walipoondoka.

"Ya chini ya Msahafu."

Zuena alikaa kwenye godoro lililojazwa nusu. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono mipana, mikono ambayo nusu ya watoto wa mtaa huo waliiona kabla ya kuona uso wa mama zao.

"Walikuja kumtafuta Monique," alisema polepole. "We ukawapa mimi."

"Mi nilifikiri..."

"Najua ulivyofikiri, baba. Nyamaza kwanza."

Akaenda kunawa. Akanawa muda mrefu, kama anayenawisha mikono ya mtu mwingine.

Jirani akisikia jina Monique hakushtuka. Waislamu wengi wa mjini walikuwa na jina la shule: Houssein wa posta aliitwa Joseph mezani kwake, na akivuka barabara kwenda msikitini anakuwa Houssein tena, hakuna aliyejali. Lakini wale majina yao waliyaokota hewani. Jina la shule la Zuena lilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1966 masista walikuwa wakipokea wasichana kwenye shule ya wauguzi, na bila kadi ya ubatizo huingii. Saidi, baba yake Zuena, mchinjaji wa Muyinga, alikuwa na jirani mkimbizi kutoka Kivu, mama mmoja jina lake Faida, aliyekimbia vita na binti wa miaka kumi na sita, Monique. Binti akafa kwa homa ya uti wa mgongo mwezi wa pili tangu wafike. Kadi yake ya ubatizo ikabaki mikononi mwa mama, safi, haijakunjwa hata pembe. Wakaelewana. Kadi ikaenda shule, na Zuena akaenda nayo.

Siri hiyo waliijua watu wanne. Mmoja, Saidi, alishakufa.

*

Ofisi ya ushuru wa mji ilikuwa na benchi moja na watu ishirini. Mbele ya Uthmani na Zuena alikaa mwenye baa, bwana mnene, na nyuma yao mama muuza mkaa. Karani aliitwa Jean-Baptiste: kijana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Hakuwa na kiburi. Hiyo ndiyo iliyomuuma Uthmani zaidi, maana mtu mwenye kiburi unaweza kumchukia ukapumua.

"Bon. Aina ya bidhaa?"

"Mi siuzi bidhaa," Zuena alisema. "Ni muuguzi."

"Mama, fomu iko na nafasi ya bidhaa. Nikiiacha tupu, inarudishwa. Andika nini?"

"Andika watoto!" mwenye baa akadakia. "Mi nauza pombe inayowatengeneza, yeye anauza waliokwisha kutengenezwa!"

Benchi zima likacheka. Hata muuza mkaa, ambaye Zuena alimzalisha mara tatu, alificha mdomo kwa kiganja na mabega yake yakatikisika. Zuena aliangalia mbele. Uthmani aliangalia viatu vyake.

"Tuandike 'huduma'," Jean-Baptiste alisema, na kwa kweli alitaka kusaidia. "Sasa jina. Hapa ndipo penye shida. Iko mstari mmoja wa jina, mama. Mmoja tu. Nikiandika Zuena, Zuena hana diploma, hana ruhusa ya wizara. Ni mtu yeyote tu anayezalisha watu nyumbani, na hiyo ni jela. Nikiandika Monique, huyo ana ruhusa, lakini hana karangamuntu, hana nyumba, hana bwana. Monique haishi Musinzira."

"Amefanya kazi hospitali ya serikali miaka ishirini," Uthmani alisema. "Mlimlipa kila mwezi. Siku zile mlimwona, leo ndiyo haishi?"

"Mzee, si mi niliyemlipa."

"Ni jina la shule, shefu," Zuena alisema. "Watu wengi wako nalo."

"Najua. Mjomba wangu mwenyewe." Jean-Baptiste akageuza nakala ya ile kadi ya ubatizo iliyokuwa kwenye jalada. "Hapa kuna jina la mama mzazi. Faida. Yuko hai?"

Zuena aliinamisha kichwa. Uthmani, ambaye wiki ile alikuwa hajifunzi, akasema: "Yuko hai. Yuko Muyinga."

"Basi imekwisha! Aje hapa aape mbele yangu kwamba Monique ni mtoto wake, na ndiye huyu huyu mnayemwita Zuena. Atie kidole. Mi natia muhuri, nawafungulia siku hiyo hiyo." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mmeona? Si vigumu."

*

Ramadhani ikaingia na mlango umefungwa. Pesa ya futari ikawa ya magodoro peke yake, na nani ananunua godoro mwezi wa mfungo? Walifuturu uji na viazi vitamu. Lakini si njaa iliyomtisha Uthmani. Kilichomtisha ni kwamba Zuena, akimimina chai ya magharibi, alimimina vikombe vitatu. Cha tatu hakukinywa mtu. Asubuhi kilikuwa kimeoshwa.

Siku ya tano, adhuhuri, alikuja mtu akisukuma baiskeli kutoka upande wa Mutaho. Kwenye keria alikaa mkewe, tumbo limeshuka, meno yameuma ncha ya mtandio. Mume alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye mkanda.

"Tumeambiwa hapa kwa Monique," alisema. "Alimzalisha dada yangu. Mzee, mwiteni haraka."

Zuena alitoka uani. Alimtazama yule mwanamke jinsi fundi anavyotazama, tumbo kwanza, halafu miguu, halafu macho. Uthmani aliona vidole vya mkewe vikijikunja. Na mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mkeka ulikuwepo, na maji ya moto yalikuwepo.

"Monique hayupo," Zuena alisema.

"Ameenda wapi?"

"Amefungiwa." Akanyoosha kidole kwenye mlango wenye mnyororo.

Yule mtu aliutazama mlango. Uthmani naye, astaghafiru, aliutazama, kama vile kweli kuna mtu ndani.

"Mama Amisa," alinong'ona, "mikono si yako? Msaidie mtu!"

"Mikono yangu haina ruhusa, baba. Walikuambia. Zuena akigusa, ni jela." Akamgeukia mgeni. "Mpeleke hospitali. Pita Mushasha, njia ni fupi. Usisimame."

Baiskeli ikaondoka. Baadaye zikaja habari mbili: mmoja alisema yule mama alijifungua kando ya ukuta pale Mushasha na mtoto akalia vizuri, mwingine alisema hakulia. Uthmani hakufuatilia ipi ya kweli. Aliogopa kujua.

Tangu siku hiyo, akijaza majani barazani, alisikia kitu chumbani. Mchana kweupe, jua la saa saba. Sauti ya beseni la bati likisukumwa sakafuni. Sauti ya maji yakikamuliwa kwenye kitambaa. Aliweka sikio kwenye mbao akashika pumzi. Zuena alimkuta hivyo.

"Na we unamsikia?" aliuliza.

"Simsikii mtu."

"Mi kila kichwa cha mtoto kilipotokea, nilisema moyoni: Monique, shika. Na alishika. Miaka ishirini na tano, tangu shuleni. Watoto wa shida wale, waliokuja na miguu mbele, unafikiri niliwatoa peke yangu?" Akatikisa kichwa. "Nenda Muyinga. Mi siwezi kumtazama mama usoni kwa jambo hilo. Nenda we."

*

Alipanda nyuma ya Hilux ya Amissi, dereva wa mtaani, akapitia Karuzi, akashuka Muyinga amefunga na midomo imepauka vumbi. Faida aliuza ndagala, dagaa wakavu, sokoni, kwenye meza ile ile ya miaka yote. Alikuwa amezeeka ghafla, kama nyumba inavyozeeka kwa mvua moja. Alipomwona, aliusukuma pembeni mtungi wake wa maji, akaufunika, asije akanywa mbele ya mfungaji.

"Mukwe wangu! Karibu. Monique hajambo?"

Ndivyo alivyomwita Zuena siku zote, na Uthmani ndivyo alivyokuwa mkwe wake. Kila mwaka mpya Zuena alimtumia kitenge. Alipougua jicho, Zuena alikwenda kumuuguza wiki tatu.

Uthmani alimweleza yote: mnyororo, karani, mstari wa jina, kidole. Alieleza na kosa lake la kadi, maana moyo wake ulikuwa umechoka kulibeba. Faida alisikiliza huku akipanga ndagala kwa mafungu, fungu moja, fungu jingine.

"Kwa hiyo banataka niseme mutoto wangu iko muzima."

"Ndiyo, mama."

"Niape."

"Ndiyo."

Mama akafunika ndagala zake kwa gunia, akamwambia jirani amtazamie meza. "Twende nikuonyeshe kitu. Uko umefika hapa mara ngapi, hujakiona."

Walitembea mpaka nje ya mji, nyuma ya tanuri za matofali, penye mikaratusi. Makaburi ya Wakristo yalikuwa na misalaba ya mbao na ya saruji, majina yamechorwa kwa rangi nyeupe. Faida alisimama mwisho wa safu, penye majani tu. Palikuwa na tuta dogo, na mawe manne.

"Baba yake Zuena alikuja nyumbani kwangu," alisema. "Mutu muzuri, Saidi, alitupa nyama bila kuhesabu. Alinambia: Mama Faida, usiweke musalaba sasa hivi. Masista bana macho. Ngoja mutoto amalize shule. Nikasema sawa. Akamaliza. Akanambia: ngoja apate kazi. Akapata. Ngoja azoee. Halafu Saidi akakufa, na mi nikaona haya kuuliza." Aliinama akang'oa majani mawili matatu. "Mwaka huu nilitaka kuweka. Saruji nilishanunua."

Uthmani naye akainama, akang'oa majani.

"Mama, kama hutaki..."

"Nani amesema sitaki? Zuena amenivisha. Zuena amenifunga kitambaa kwenye jicho. Nitakuja. Uniletee tu hiyo Hilux, miguu yangu haiwezi."

Uthmani alipoondoka, mama alibaki pale, amesimama kwenye majani, akiongea chini kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia aliye chumba cha pili kwamba anatoka kidogo.

*

Siku ya kuapa Jean-Baptiste alikuwa ameandaa kila kitu. Karatasi imepigwa chapa, kidau cha wino kimefunguliwa, ufunguo wa kufuli uko mezani, Uthmani aliuona kwa macho yake, una kipande cha kamba ya bluu. Zuena alimshika Faida mkono kuanzia mlangoni. Alijitanda ushungi mweupe, na chini yake alivaa lile vazi lake la hospitali.

"Karibu, mama. Kaa. Jina lako Faida?"

"Ndiyo, baba."

"Una mtoto anaitwa Monique?"

"Niko naye."

"Mmoja?"

"Mungu alinipa mumoja."

"Ndiye huyu aliyekushika mkono?"

Faida alimtazama Zuena. Zuena alikuwa akilia bila sauti, machozi yakishuka tu, hata hayafuti.

"Huyu nimemupenda kama tumbo langu," Faida alisema.

"Bon, hiyo inatosha." Jean-Baptiste akasoma karatasi kwa Kifaransa, halafu akaitafsiri: kwamba yeye Faida anaapa kuwa binti yake Monique yu hai, anaishi Musinzira, ameolewa na Uthmani, na ndiye yule yule aitwaye Zuena, hakuna mwingine. "Hapa chini. Kidole gumba."

Mama akachovya kidole kwenye wino. Uthmani aliuangalia ufunguo. Alijiona akiufungua mlango, akiufagia ule uvundo wa mwezi mzima, akimwita mkewe aingie.

Kidole kikasimama juu ya karatasi.

"Baba," Faida alisema, "mi si mutu wa kusoma. Nitatia. Lakini we uko mutu wa serikali, unajua mambo ya majina. Kwanza unisaidie kitu kimoja." Na akamuuliza.

Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia ya kwenda soko. Jean-Baptiste alifungua mdomo. Akamtazama Zuena, na Zuena akafunika uso. Akamtazama Uthmani, na hapo ndipo yule kijana alipoelewa. Akaweka kalamu chini.

"Nyamazeni," alisema. "Nyamazeni kwanza." Akasimama, akafunga mlango wa ofisi. "Mnajua mmesema nini? Kila cheti cha kuzaliwa alichotia sahihi... Watoto wote hao wameandikwa na mkono wa..." Hakumaliza. Akakaa. Wino ulikuwa unakauka kwenye kidole cha mama mzee, na mama hakukishusha.

"Lifute tu swali hilo, shefu," Uthmani akasihi. "Mama ni mzee. Chukulia hukusikia."

"Nimesikia, mzee."

Kulikuwa na sehemu chini ya fomu iliyoandikwa Maoni. Jean-Baptiste, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliandika humo swali la mama neno kwa neno, akasema yeye ni mdogo, hana uwezo wa kulijibu, atalipeleka juu. Akatia muhuri. Akaufungia ufunguo kwenye droo.

Faida alirudi Muyinga na kidole cheusi. Saruji yake imegandia kwenye mfuko. Haweki msalaba mpaka asikie jibu, maana hataki kumharibia Zuena, na wala hatii kidole mpaka asikie jibu, maana hataki kumharibia mwanawe. Mnyororo umeota kutu. Swali lilipelekwa kwa mkuu wa mji, mkuu akalituma mkoani, mkoa ukalituma Bujumbura. Jean-Baptiste alihamishwa. Uthmani huenda kila Jumatatu, huketi kwenye benchi lile lile, na karani mpya humfungulia jalada, humwonyesha ukurasa, humwambia bado. Herufi hizo hajui kuzisoma, lakini maneno yale anayajua kwa moyo, kila moja lilipo kwenye mstari wake:

Kama Monique ni huyu aliyesimama hapa, basi yule niliyemzika Muyinga kwa mikono yangu, yeye anaitwa nani?